Magonjwa ya vyura wa mtini wanaofugwa nyumbani: dalili, chanzo na pa kuanzia

#1 Mchunga Vyura (Leicester)

Habarini wadau. Kila nikifungua ujumbe wa faragha nakuta mtu wa Ulaya, Marekani au Ghuba: mtoto kanunuliwa chura wa mtini dukani, sasa chura hali, au kavimba, au kakaa sakafuni mwa tangi lake la kioo mchana kutwa. Swali huwa moja: nimpe dawa gani? Bora tuyaweke hapa yote, na mwenye uzoefu aongeze.

Nitamzungumzia zaidi yule wa kijani mnene wa Australia na New Guinea, chura wa White, maana ndiye anayeuzwa sana huku. Anafika sentimita 10 na akitunzwa anapita miaka 15, kwa hiyo aliyemnunulia mtoto wa darasa la pili ajue atabaki naye yeye mwenyewe mtoto akishaondoka nyumbani.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ugonjwa wa chura mara nyingi huanzia kwenye tangi. Chura hanywi kwa mdomo. Anakalia maji, na ngozi ya tumboni na mapajani inayafyonza. Sehemu ya hewa yake pia inapita kwenye ngozi. Chochote kilichomo kwenye maji, kiwe klorini, sabuni iliyobaki kwenye bakuli au amonia ya kinyesi chake mwenyewe, kinaingia mwilini moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akiniuliza dawa, mimi namuuliza joto la mchana na la usiku (la kipimo, si la kukisia kwa mkono), maji anayatoa wapi, taa ni ya aina gani na ina muda gani, na wadudu anaomlisha anawapaka nini. Halafu uzito. Mzani wa jikoni unaosoma gramu unatosha: weka kikopo chenye mfuniko, rudisha sifuri, mtie chura, andika. Chura mgonjwa hupungua gramu kabla hajaonyesha kitu kingine.

Tuanze na matege, maana ndiyo yanayoua vyura wachanga kimyakimya. Nyenje, nzige na mende wote wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Mifupa inataka karibu kalsiamu 2 kwa fosforasi 1, na kwa nyenje hesabu iko kinyume kabisa. Damu ikikosa kalsiamu, mwili unaichukua kwenye mifupa. Dalili ya kwanza watu wanaipita: vidole vya nyuma vinatetemeka baada ya kuruka, au chura aliyezoea kulala kabandika tumbo kwenye kioo sasa analala sakafuni kwa sababu hana nguvu ya kushika. Baadaye taya la chini linabonyea ukiligusa taratibu, mgongo unapinda, mguu unavunjika kwa kuruka tu. Akifika kwenye mitetemeko ya mwili mzima, hiyo ni kazi ya daktari na sindano ya kalsiamu, si poda.

Kinga yake ni rahisi: wadudu wapakwe poda ya kalsiamu yenye vitamini D3 karibu kila mlo, na tangi liwe na taa isiyo kali ya UVB, miale kama ya jua inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D. Dirisha halihesabiki, kioo chake kinazuia miale hiyo. Na taa inaweza kuwaka vizuri machoni pako huku UVB yake imeshaisha. Watengenezaji wengi wanataka uibadilishe kati ya miezi 6 na 12. Mifupa iliyokwisha kupinda hainyooki tena, ila ugonjwa unaweza kusimamishwa hapo ulipofika, na chura akaishi miaka mingi na kibyongo chake.

#2 Ngosha wa Kirumba

Mkuu, huku Mwanza vyura wanatuimbia usiku kucha bure, wewe unamnunulia taa na vitamini? Uzungu umekukolea.

#3 Mchunga Vyura

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, kaka. Endelea kusoma. Na subiri nikwambie kwamba huku nzige wanauzwa kwa vikopo, chakula cha vyura na mijusi. Ndugu zangu wa Samburu na Marsabit mliopambana nao mwaka 2020 naombeni msinicheke.

#4 Mdogo wa Minneapolis

Naomba msaada wa haraka! Chura wangu anapiga miayo mfululizo, anajikunjakunja, macho yanazama ndani, anajipangusa kichwa kwa mikono. Nahisi kakabwa na nyenje. Nimtanue mdomo?

#5 Mchunga Vyura

Mdogo wangu, usimguse. Mtazame begani: kuna utando mwembamba unaong'aa unasogea kuelekea mdomoni? Anabadilisha ngozi. Inapasuka mgongoni, anaivuta kwa miguu ya nyuma, mikono anaivua moja moja, na yote anaila. Macho kuzama ni kawaida, chura huyatumia kusukumia chakula kooni. Dakika chache tu atatulia, rangi yake ikiwa mbichi kabisa.

Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni ngozi iliyokwama vidoleni au machoni, ishara kwamba hewa ni kavu, au chura anayejivua kila mara na ngozi inabaki inaelea majini vipande vipande. Hilo la pili nitalirudia huko chini.

#6 Mdogo wa Minneapolis

Ni kweli, kaila yote. Asante kaka, nilishavaa viatu niende hospitali ya wanyama.

Lakini kuna jingine. Akimrukia nyenje anamkosa. Ulimi unamgusa kabisa halafu nyenje anajiendea zake. Mke wangu anasema kazeeka macho.

#7 Vet wa Moro

Naingilia hapo. Mimi ni daktari wa mifugo. Ng'ombe na kuku ndio mkate wangu, lakini hawa nao nimewasoma na kuwaona.

Macho hayana kosa kama anaruka na kufika. Hapo fikiria upungufu wa vitamini A. Tezi za ulimini hubadilika, ute unakauka, ulimi haunati. Chura ana njaa na anawinda, ila hashiki. Wengine huvimba kope pia. Wadudu wa dukani wana vitamini A kidogo sana, na poda nyingi zinaweka karotini ambayo vyura wengi hawaigeuzi vizuri kuwa vitamini A. Soma kibandiko: utafute iliyoandikwa retinoli au vitamini A yenyewe, umpe mara moja kwa wiki au wiki mbili. Usizidishe, hii ni vitamini ya mafuta, haitoki kwa mkojo. Wakati unasubiri mabadiliko mlishe kwa kibano, mdudu mlaini.

Na mapaja mekundu, maana najua swali linakuja. Wekundu chini ya mapaja na tumboni mara nyingi ni bakteria waliokwisha kuingia kwenye damu, Aeromonas wakiwa maarufu zaidi. Bakteria hao wanaishi majini siku zote. Wanapata mlango pale kinga imeshuka kwa baridi, uchafu, msongamano au jeraha puani. Ndiyo maana nakubaliana na mwenye uzi kuhusu tangi. Lakini wekundu ukishaonekana na chura kalegea, kubadilisha maji pekee hakutoshi, anahitaji antibayotiki iliyopimwa kwa uzito wake, na mpaka sehemu ya gramu inahesabika. Naomba sana: msimpake krimu ya vidonda yenye dawa ya ganzi. Benzokaini ndiyo tunayotumia kumlaza chura, na ikizidi ndiyo tunayomuulia.

#8 BintSeeb (Muscat)

Assalaam aleikum. Mimi nina wale wa macho mekundu wa Amerika ya Kati, wawili. Nyumba yetu AC haizimwi toka mwezi wa nne, na maji ya bomba ni ya bahari yaliyotolewa chumvi. Mmoja ngozi imefifia, anashinda ndani ya bakuli la maji hata usiku. Pua imechubuka pia. Kuna mtu kaniambia nitumie maji ya kutonesha, yale ya betri.

#9 Mchunga Vyura

Wa aleikum salaam dada. Hapo kuna mambo matatu yamechanganyika.

Maji kwanza. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe maji yakikaa kwenye chombo kipana siku nzima. Lakini mamlaka nyingi siku hizi zinatumia kloramini, na hiyo haitoki hata uyaache wiki. Nunua dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafuga samaki, soma kama inataja kloramini, basi. Maji ya betri achana nayo. Kwanza si kila ya betri ni salama, pili maji yasiyo na chumvi hata chembe, chura akiyakalia muda wote, yanamchosha mwili kulinda chumvi zake.

AC nayo inakausha hewa kuliko tunavyodhani. Wa kwako wanataka unyevu wa asilimia 60 hadi 80, huyu wangu anaridhika na 50 au 60. Weka kipimo ndani ya tangi, si ukutani sebuleni. Nyunyiza jioni taa zikizimwa, ndio wakati wanaamka. Ila usizibe tangi na nailoni ukidhani unasaidia. Unyevu bila hewa kupita ndio shamba la bakteria.

Pua ni kioo. Anaruka kukimbia kitu, hakioni kioo, anagonga. Bandika karatasi pande tatu za nje na ongeza majani ya kujifichia. Kidonda cha pua kidogo ndicho mlango aliousema daktari.

Yule anayeshinda majini mtenge leo hii. Chombo cha plastiki, karatasi za jikoni zilizoloweshwa kwa maji safi, bakuli, tawi moja. Badilisha karatasi kila siku. Ukimshika vaa glavu zisizo na poda, uzilowanishe. Losheni na sabuni ya mkononi mwako kwake ni sumu.

#10 Ngosha wa Kirumba

Sawa nimekaa chini, nasoma kweli sasa. Swali la dhati: yule chura wetu wa Kihansi, nilisikia ugonjwa wa ngozi ndio ulimmaliza. Ni huo huo wa kujivua ngozi kila mara?

#11 Mchunga Vyura

Ni huo huo. Nilitaka nifike huko.

Kuna kuvu inaitwa kitridi, ilipewa jina la kisayansi mwaka 1999. Inakula keratini, protini ngumu ya ngozi ya chura. Kwa mnyama mwingine fangasi ya ngozi ni muwasho. Kwa chura ngozi ndiyo inayopitisha maji na chumvi, kwa hiyo ikiharibika, sodiamu na potasiamu kwenye damu zinashuka na moyo unasimama. Dalili: kulegea, kukaa mahali pa wazi mchana, miguu ya nyuma kuachwa imetawanyika bila kukunjwa, ngozi kufifia na kujivua kupita kiasi, ile niliyomwambia mdogo wetu. Zinafanana na mapaja mekundu, na wakati mwingine vyote viwili vinakuja pamoja. Huwezi kuutambua kwa macho. Daktari anapitisha pamba tumboni, mapajani na katikati ya vidole, maabara inatafuta vinasaba vyake.

Kihansi si chura wa mtini, ni kadogo ka sentimita 2 hivi kanakozaa watoto badala ya kutaga. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, Udzungwa, wakati wa maandalizi ya bwawa la umeme. Mwaka 2000 maji mengi yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Wakachukuliwa 499 kupelekwa Bronx Zoo, New York. Wakafungwa mipira ya kunyunyizia kule korongoni, idadi ikaanza kupanda, halafu mwaka 2003 wakaanguka ghafla, na kuvu hii ikakutwa kwenye mizoga. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa hayupo tena porini. Waliozaliwa Marekani walianza kurudishwa mwaka 2010, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na korongoni mwaka 2012.

Sasa kwa mfugaji hii inahusu nini? Maji ya tangi. Kuvu hii inaogelea. Usimwage maji ya chura bustanini wala mtaroni. Yatie dawa ya kufulia yenye klorini kwanza, yakae, ndipo uyamwage chooni. Vifaa vya tangi moja visiguse tangi jingine, na vikaushwe kabisa maana kuvu hii haivumilii ukavu. Chura mpya akae peke yake miezi miwili au mitatu, hata kama muuzaji kaapa. Na usimwachie porini chura wa dukani kwa huruma.

Habari njema ni kwamba inatibika. Chura anaogeshwa dakika chache kila siku kwa dawa ya kuvu iitwayo itrakonazo, iliyozimuliwa sana, chini ya daktari. Tena haipendi joto, inastawi kati ya nyuzi 17 na 25, kwa hiyo aina zinazovumilia joto husaidiwa na kupandishwa kuelekea 30. Nasema zinazovumilia. Mzee wa Muheza akija atawaeleza kwa nini.

#12 Mzee wa Muheza

Nimeitwa nimekuja.

#13 Mchunga Vyura

Shikamoo mzee.

#14 Mzee wa Muheza

Marahaba. Chura mnayemwona kwenye maduka ya Ulaya, mwenye macho makubwa, mtoto wake kijani chenye weusi, asili yake ni huku kwetu Usambara, Amani na misitu mingine ya milima. Zamani walikuwa wanakusanywa usiku kwa tochi na kuuzwa nje. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai. Huyu ni chura wa msitu wa baridi. Anayemweka na taa ya joto kama wa Australia anampika. Nyuzi 20 hadi 24 zinamtosha, na anataka udongo wenye kina, hupenda kujifukia. Kumpandisha 30 eti unatibu fangasi, utamzika bure.

Tena waliotoka porini wanakuja na minyoo yao. Msituni minyoo michache haimsumbui. Kwenye tangi dogo anaikanyaga tena kila siku, wanaongezeka, chura anakula vizuri huku anakonda.

#15 Vet wa Moro

Mzee kasema kweli. Kuna wa tumboni na kuna wa mapafu. Wa mapafu chura anaachama au anatoa povu mdomoni. Pima kinyesi kwanza, usitoe dawa ya minyoo kwa kukisia. Ivamektini inayosifiwa kwa ng'ombe inaweza kumpooza chura kipimo kikikosewa kidogo tu.

#16 Wa Ruaka

Niaje wadau. Mimi niko Kiambu, nina jirani Mfaransa anahama na anataka kuniachia chura wake wa White pamoja na tangi. Wadudu naweza kuokota shambani ama lazima ninunue? Na sheria inasemaje?

#17 Mchunga Vyura

Kaka, sheria ianze. Nenda KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukaulize kibali kabla tangi halijavuka ua, na jirani aonyeshe karatasi alizoingilia nazo. Kuokota chura wa porini ukamfuga nako kunahitaji kibali, Kenya na Tanzania.

Wadudu wa shambani, hapana, kama kuna mtu anapulizia dawa eneo hilo, na Kiambu kwa mboga mboga nani hapulizii? Mdudu aliyegusa sumu haonyeshi. Lakini una bahati ambayo sisi hatuna kwa bei rahisi: wale funza wa nzi mweusi wanaofugwa kwa ajili ya kuku. Karibu wadudu wote wa chakula wanakosa kalsiamu, hao wanayo ya kutosha. Ulizia tu wamelishwa taka gani. Wachanganye na nyenje, usiwafanye mlo wa kila siku.

Na usimnenepeshe. Wa White anakula chochote kinachotikisika. Akiwa mkubwa, mara mbili au tatu kwa wiki inatosha. Angalia mikunjo juu ya macho: isipoonekana kabisa amekonda, ikianza kufunika macho amezidi. Panya wachanga wanaosifiwa kule mitandaoni wana mafuta mengi. Vyura waliolelewa hivyo hupata utando mweupe kwenye jicho, na huo haufutiki.

#18 BintSeeb (Muscat)

Nimerudi na mpya. Yule niliyemtenga karatasi zimemfaa, usiku kapanda tawi. Lakini asubuhi kuna kinyama chekundu kimetoka nyuma yake. Naogopa. Chini ya tangi nilikuwa na kokoto ndogo za mapambo.

#19 Vet wa Moro

Dada, usikirudishe kwa kidole. Kiwe na unyevu muda wote. Yeyusha sukari kwenye maji safi yaliyochemshwa na kupoa, yawe mazito kidogo, lowesha karatasi laini uiweke juu yake, sukari inavuta maji na uvimbe unapungua. Halafu mpeleke kwa daktari leo. Kikikauka kinakufa, na kesho kitakachobaki ni kukikata. Chanzo huwa kokoto iliyokwama tumboni, minyoo au kalsiamu kidogo, kwa hiyo omba apigwe picha ya eksirei. Kokoto zinaonekana wazi.

#20 Mchunga Vyura

Na wengine wenye kokoto, magome madogo au nyuzi za nazi zilizokatwakatwa: ukubwa wowote unaoingia mdomoni mwake ataumeza siku moja akimrukia nyenje. Ama kubwa kuliko kichwa chake, ama karatasi.

#21 Mdogo wa Minneapolis

Swali la mama watoto: tuna wa miaka mitatu anapenda kumbusu chura. Kuna madhara?

#22 Vet wa Moro

Mzuie. Vyura wenye afya kabisa hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Huko huko Marekani kati ya 2009 na 2011 kulikuwa na mlipuko uliotokana na vyura wadogo wa majini, na wengi walioumwa walikuwa watoto. Wa chini ya miaka 5 asimshike. Mkubwa anawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika, na bakuli lake lisioshewe kwenye sinki la vyombo.

#23 BintSeeb (Muscat)

Kokoto mbili zimeonekana kwenye picha. Daktari kamrudishia, kashona nyuzi moja, kokoto moja imeshatoka. Anataka nilete kinyesi cha wote wawili. Nakihifadhi vipi, maana kliniki iko mbali na jua la hapa mnalijua?

#24 Mchunga Vyura

Alhamdulillahi. Chukua cha siku hiyo hiyo, kilichokauka hakisomeki. Weka kwenye kichupa cha plastiki chenye mfuniko pamoja na tone la maji yasiyo na klorini. Ndani ya friji sawa, kwenye friza hapana. Njiani tumia mfuko wa baridi, barafu isiguse kichupa. Kila chura kichupa chake, andika yupi ni yupi, na uzito wake wa asubuhi hiyo uandike hapo hapo kwenye kibandiko, daktari atauhitaji kupima dawa.